Valvu za mpira zinakufa kabla ya siku zake: namna ya kuzikagua na kuzibadilisha

Kwenye banda langu la pancha, Kinyasini njia panda, hapa Unguja, pana valvu moja ya mpira iliyokatika shingoni. Nimeifunga uzi nikaitundika ukutani, na kijana yeyote anayekuja kujifunza kazi kwangu humpa aishike kabla sijampa spana. Niliipata kwa mzee mmoja wa Kiwengwa anayeendesha Noah ya kupeleka watu uwanja wa ndege. Alishuka garini, akanisalimia vizuri kabisa, akafungua leso akaniwekea kiganjani. "Mwanangu," akasema, "hii uliniwekea wewe, mfunguo mosi, baada ya sikukuu." Hata miezi tisa haijatimia. Ilikatika Mahonda, kwenye mashamba ya miwa, gari ina watu saba ndani, na tairi la mbele kushoto likaisha upepo mara moja. Alhamdulillahi alikuwa anakwenda mwendo wa pole, akaliingiza gari kwenye majani, hakuna aliyeumia.

Tairi lenyewe lilikuwa jipya. Ringi haina hata kovu. Kilichotaka kuwamaliza watu saba ni kipande cha mpira ambacho bei yake haifiki bakuli la urojo, na aliyekitia ni mimi. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake niliutoa mfuko wa valvu zilizobakia, nikazipinda moja moja kwenye mwanga wa jua, nikaona. Nilikuwa nimezinunua kwa bei ya kutupa duka moja mjini, nikautundika mfuko dirishani upande wa magharibi, jua la alasiri linauchoma, na banda la pili jirani yangu anachomelea mageti kutwa. Valvu zile zilizeeka kabla hazijaingia kwenye ringi. Nilizichoma zote, nikaanza upya kuisoma kazi niliyokuwa naifanya kwa mazoea tu.

Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyojifunza tangu siku ile. Ni ya dereva, ya mwenye tela la boti, na ya fundi mwenzangu pia.

Kwanza uijue yenyewe

Valvu ya mpira ya tairi lisilo na tyubu ni bomba dogo la shaba la manjano lililogandishwa ndani ya mpira. Chini pana kitako kinachokaa ndani ya ringi, juu yake pana mfereji unaoshika ukingo wa tundu, kisha shingo inayotokeza nje. Ndani ya bomba pana ile sindano yenye springi inayofungua na kufunga upepo, na juu kabisa kifuniko.

Tundu la ringi la gari ndogo nyingi ni la milimita 11.5. Mpira wa valvu ni mnene kuliko tundu, ndiyo maana unaingia kwa kuvutwa, na ukishakaa pale unabanwa usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Gurudumu likizunguka, kichwa cha valvu kinavutwa kwenda nje, shingo inapinda. Gari likisimama, shingo inarudi. Kutoka hapa mpaka mjini na kurudi, hesabu mwenyewe imepinda mara ngapi.

Sasa hapo ndipo maradhi yanapoingilia. Hewani muna kitu kinaitwa ozoni, ni ndugu wa oksijeni tunayovuta. Jua likikutana na moshi wa magari hutengenezwa, na cheche za mashine ya kuchomelea huitoa pia. Ozoni haiusumbui sana mpira uliotulia. Mpira uliovutwa ndio inaoula, na huukata kukingama na upande uliovutiwa. Kwa hiyo ukiona nyufa za valvu, aghalabu zimezunguka shingo kama pete, chini kabisa, pale mpira unapotokea kwenye tundu. Viwanda vinavyojiheshimu hutia dawa ya kuukinga mpira na ozoni wakati wa kuuchanganya. Dawa ikiwa haba au mchanganyiko ukiwa mbaya, mpira unapasuka mapema, hata uwe na gari la namna gani. Wala si masihara ya huku kwetu tu: mwaka 2008 huko Marekani yalitangazwa kurudishwa mamilioni ya valvu za mpira za aina ya TR413 zilizotengenezwa China, kwa kuwa mpira wake ulikuwa ukipasuka na upepo kutoka.

Jua letu, joto la breki linalopanda kupitia ringi, na chumvi ya bahari vinamalizia kazi iliyobaki.

Namna ya kuikagua

Fanya asubuhi, gari haijatembea, na uwe karibu na mahali pa kujaza upepo. Nasema hivi kwa sababu valvu iliyochoka yaweza kukatika mkononi mwako, na ukiwa nyumbani peke yako siku hiyo imekwisha.

Futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Shika ncha kwa kidole gumba na cha shahada, uipinde taratibu upande mmoja, kidogo tu, kama mkulima anavyokipinda kijiti cha muhogo kujua kama kingali kibichi. Usitazame ncha, tazama shina, pale mpira unapoingia kwenye ringi. Pinda upande wa pili, wa tatu, wa nne. Uso usiuweke mbele yake.

Valvu nzima ni nyeusi moja kwa moja, inapinda na kurudi. Valvu inayoanza kuchoka utaona vistari vyembamba kama midomo ya mtu aliyeshinda baharini wakati wa kaskazi. Hiyo ina siku zake, ipangie kubadilishwa wiki hiyohiyo. Ukiona ufa umefunguka hata ukaona giza ndani yake, acha kupinda. Usiseme itanifikisha. Gari isiende safari, valvu ibadilishwe palepale.

Kisha chukua maji ya sabuni, mazito kidogo, uyadondoshe juu ya mdomo wa valvu bila kifuniko na kuizunguka shina lake. Subiri, usiwe na haraka, povu dogo huchukua dakika nzima kuota. Povu likitoka mdomoni, tatizo ni sindano ya ndani: ikaze kwa kile kifunguo chake kidogo, kwa nguvu ya vidole viwili tu, na ukiona bado, tia sindano mpya. Povu likitoka shinani, valvu imekwisha au tundu la ringi lina kutu. Povu lisipotoka kote kuwili, hapo sasa katafute pancha.

Nina wateja waliokuwa wakijaza upepo kila Ijumaa kabla ya sala, mwaka mzima, wakiamini wana "pancha ndogo isiyoonekana". Wengine walishatobolewa matairi kwa kutafutwa msumari usiokuwepo. Fundi mwenzangu, nakuomba: kabla hujalivua tairi la mtu na kulizamisha kwenye beseni, anza na valvu. Ni kazi ya dakika mbili.

Magari yetu mengi yanakuja yameshatumika Japani. Mtu anaosha, anatia viti vipya na redio, anasahau kwamba valvu iliyomo ni ya tangu huko. Tazama ubavuni mwa tairi, pana herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2318, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Valvu haina tarehe ya kuaminika, lakini kama tairi lina umri huo na halijawahi kuvuliwa, basi valvu ni rika lake au mkubwa wake. Kanuni yangu sasa haina mjadala: tairi jipya, valvu mpya. Mteja akikataa kulipia, naitia kwa fedha yangu.

Vitu vinavyoiua mapema

Upepo mwingi kuliko uwezo wake ndio wa kwanza, na watu wengi hawaujui. Valvu ya kawaida ya mpira, hizi za namba TR413, TR414 na TR418, mwisho wake ni psi 65 (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo), tairi likiwa baridi. Gari ndogo inayokula 30 au 35 haina shida. Lakini tairi la tela la mzigo au la boti laweza kuandikwa psi 80 ubavuni, na mtu analijaza 80 kweli huku ringini imo valvu ya gari ndogo. Kila kitu kinaonekana sawa mpaka siku ya joto.

Nilipigiwa simu siku moja niende Kivunge. Tela la boti, boti ya mashine mbili, lilikuwa linatoka Nungwi kwenda mjini kutengenezwa, gurudumu la kulia limelala. Tairi jipya kabisa, bado lina vinyweleo vya kiwandani. Nililala chini nikatia tochi: valvu fupi ya kawaida, imechanika nusu duara, na geji ya gurudumu la pili ikasoma 78. Waliotia walikuwa wameuza tairi zuri wakaliwekea roho ya baiskeli. Tulikaa pale juani saa mbili na nusu, boti imeinama upande, watoto wa skuli wamejaa kutazama, mpaka nilipopata valvu zinazofaa.

Zinazofaa ni namna mbili. Ipo ya mpira ya kuvutia iliyotengenezwa kwa upepo mkubwa, huitwa TR600HP, inaingia kwenye tundu lilelile la 11.5 na inastahimili psi 80. Na ipo ya chuma inayofungwa kwa nati, yenye washa za mpira ndani na nje. Kwa tela la boti mimi natia ya chuma bila kuuliza mara mbili. Zile washa zake nazo ni mpira, huzeeka. Zibadilishwe kila tairi linapovuliwa, usirudishie za zamani.

Cha pili ni vifuniko. Vijana wanapenda vile vya alumini vya rangi, vinang'ara kama pete. Kwetu sisi tuliozungukwa na bahari vile ni adui. Alumini ikikaa juu ya shaba na maji ya chumvi yakapita katikati, vinaumana na kugandana. Siku ya kujaza upepo kifuniko hakifunguki, mtu anachukua koleo, anazungusha, na kinachozunguka si kifuniko bali valvu nzima. Mpira unachanika shinani na hakuna aliyeona. Tena ni vizito, vinaivuta shingo gari likikimbia. Tia kifuniko cha plastiki chenye kijipete cha mpira ndani. Lakini kifuniko kiwepo. Mchanga wa pwani na chumvi vikiingia kwenye sindano, haifungi tena sawasawa.

Kwa sababu hiyohiyo usitie vile viungo virefu vya kuongezea valvu isipokuwa pale huna njia, kama magurudumu pacha ya lori la Kanta, na hapo uvifunge kwa kishikizo chake visicheze. Valvu yenyewe pia isiwe ndefu kuliko haja. 413 ni fupi, 414 inaizidi kidogo, 418 ndiyo ndefu. Tundu lao ni moja. Ukiona 418 kwenye ringi ya wazi isiyo na kofia, ujue fundi alitia alichokuwa nacho mfukoni.

Kofia za plastiki za ringi nazo zinakata. Zikifungwa kombo, ukingo wake unasugua shingo ya valvu kila mzunguko, na baada ya miezi utaona alama kama ya kisu upande mmoja. Pangilia tundu la kofia na valvu kabla hujaigonga.

Grisi, dizeli na mafuta ya breki visiguse valvu. Wapo wanaopaka dizeli ubavuni mwa tairi ling'are kwa harusi. Mpira unavimba, unalainika, unapoteza nguvu.

Mpira wa kujazia upepo wa kompresa ni mzito, na ile midomo ya kung'ata inayojifunga yenyewe ikiachwa ining'inie inaivuta valvu kando kwa dakika nzima. Ushike kwa mkono mpaka umalize. Kijana wangu wa kwanza alikuwa akiung'oa kwa kuutikisa. Nilimkataza kwa ukali ambao baadaye nilimtaka radhi, lakini sikuibadilisha amri.

Matela ya kienyeji, yale yaliyoungwa kwa akseli ya gari chakavu, mengi yanatumia tyubu. Huko valvu imeshonana na tyubu, na maradhi yake ni mengine. Tazama imesimama vipi kwenye tundu. Ikiwa imelala upande mmoja, tairi linateleza juu ya ringi kwa sababu ya upepo mdogo au mzigo mwingi, na linaivuta tyubu pamoja nalo. Ukiiacha itang'oka kitakoni, na kiraka hakiwezi kushika pale. Toa upepo wote, lizungushe tairi mpaka valvu isimame wima, kisha ujaze ipasavyo.

Kununua

Tafuta namba iliyochapwa kwenye kitako. Isiyo na namba wala alama ya kiwanda, iache dukani hata ikiwa ya bure. Muulize mwenye duka imekaa muda gani, na usichukue zilizotundikwa kwenye kioo cha mbele zinapigwa jua. Ipinde palepale mbele yake. Ukiona ukungu mweupe kama unga juu ya mpira usiogope, mara nyingi ni nta ya kinga inayojitokeza yenyewe; ufute kwa kidole, utazame kama chini yake pana nyufa. Nyumbani ziweke kwenye kopo lenye kifuniko, pahala pa giza na baridi, mbali na mashine ya kuchomelea. Mimi sasa nanunua kidogokidogo, za miezi mitatu, wala sinunui mfuko.

Pima tundu kabla hujaondoka nyumbani. Zipo ringi za tundu la karibu milimita 16, na hizo zinataka 415. Ukitia 413 humo inapwaya, na upepo ukiingia itachomoka.

Kuibadilisha

Gari likae pahala tambarare, breki ya mkono, jiwe mbele na nyuma ya gurudumu lisilonyanyuliwa. Legeza nati kabla ya jeki, si baada. Ukishalivua gurudumu, toa ile sindano kabisa, uache upepo wote uishe mpaka pasisikike kitu. Hapa nimeona watu wanaharakisha, wanalikanyaga tairi lingali na upepo. Usifanye.

Tairi si lazima livuliwe lote. Bandua mdomo wake, ule ukingo unaoshika ringi, upande wa nje tu, uubonyeze chini mpaka upate nafasi ya mkono karibu na valvu, ukiuzuia kwa kipande cha mti. Ikate valvu ya zamani kwa kisu upande wa ndani, kitako kiangukie ndani, na iliyobaki uivute nje. Kisu kisiguse ringi. Kumbuka kukitoa kile kitako. Niliwahi kukisahau kimoja, mteja akarudi kwa kelele za kitu kinachotembea ndani ya gurudumu.

Kama gari ina valvu ya chuma iliyounganishwa na kifaa cha kupima upepo ndani ya ringi, usikate chochote. Ipeleke kwa fundi mwenye vifaa vyake.

Sasa tundu. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wanaipita na ndiyo inayoamua umri wa valvu mpya. Pitisha ncha ya kidole kuzunguka ukingo, ndani na nje. Kwa magari ya huku pwani utakuta kutu imevimba kama magamba, na ukingo una meno. Ukivutia mpira mpya juu ya meno yale, umeshaukata kabla haujaanza kazi. Chukua msasa mwembamba, ukunje kama sigara, usugue mpaka kidole kisikwaruzike. Futa vumbi. Ringi ya chuma uipake rangi kidogo pale palipobaki wazi, ikauke. Kama kutu imekula mpaka tundu halina duara tena, ringi hiyo haifai.

Kilainisho ni maji ya sabuni, basi. Grisi hapana, mafuta ya nazi hapana. Paka valvu nzima na tundu. Iingize kutokea ndani, ncha itokeze nje, kisha uifunge kwenye kile chombo chake cha kuvutia chenye mkono, uvute kufuata unyoofu wa tundu. Ukivuta kiupande, ukingo wa tundu unakata mpira upande mmoja, na kovu lile ndilo litakalokuwa ufa mwakani. Koleo usitumie, linachubua nyuzi za kifuniko. Valvu ikikaa utaisikia: inaruka kidogo mkononi na kutoa mlio mfupi, "tok". Kama haikulia, haijakaa. Tazama kwa nje, ule mviringo wa mpira uwe umetokeza sawasawa pande zote. Tazama kwa ndani, kitako kiwe kimelala bapa.

Jaza upepo kwanza bila sindano, upepo unaingia kwa wingi na mdomo wa tairi unapanda upesi. Usimame kando, si juu yake, na usipite psi 40 kulazimisha mdomo wa tairi ukae. Ukifika 40 haujakaa, toa upepo, paka sabuni tena, uanze upya. Ukishakaa, tia sindano mpya, ujaze kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Maji ya sabuni tena shinani na mdomoni mwa valvu. Ipinde kidogo huku sabuni ingalipo. Valvu mbovu hujificha ikisimama wima na kujisema ikipindwa. Kifuniko. Rudisha gurudumu, kaza nati kwa kukingamana.

Kesho asubuhi pima. Ikishuka psi 2 kwa usiku mmoja, kuna pahala panavuja, rudi nyuma uanze na sabuni.

Kwa wenye matela ya boti

Nyinyi valvu zenu zinateseka kuliko za mtu yeyote kisiwani. Kila mnaposhusha boti gurudumu linazama kwenye maji ya chumvi, kisha linapandishwa juani likauke, chumvi inabaki imeganda kuizunguka shina la valvu na ndani ya mdomo wake. Mkitoka pwani, kabla ya chai, mwagieni magurudumu maji ya bomba, kifuniko kikiwa kimefungwa. Ndoo mbili kwa gurudumu zinatosha. Mkiwa mmekuja mbali, subirini magurudumu yapoe kwanza ndipo mzame. Bolbearing ya moto ikiingia kwenye maji baridi inayafyonza, hiyo ni hasara nyingine kubwa zaidi.

Tela linalokaa miezi bila safari linyanyueni juu ya matofali, na magurudumu myafunike kwa gunia au makuti upande unaopigwa jua. Na wakati wa kuanza msimu wa wageni msijaze upepo mkaondoka. Pindeni valvu kwanza. Valvu iliyokaa juani miezi minne bila kuguswa hukatika mara tu mnapougandisha mdomo wa kompresa, na hapo ndiyo bahati njema, kuliko kukatikia kwenye kona ya Kivunge.

Bado tairi la akiba. Kwenye Escudo na RAV4 nyingi za kukodisha hukaa limening'inia mlango wa nyuma, linapigwa jua kutwa, halizunguki, halitazamwi. Nimefungua matairi ya akiba yenye nyuzi nzima na valvu inayosagika kama tambi kavu. Lishushe leo, valvu yake uipinde kama nilivyoeleza, likijaa sawa ulirudishe, na uandike tarehe kwa chaki ubavuni ili ujue lini utalishusha tena.